Samaki wa Jumamosi

Watu wa Kasulu wakiingia sebuleni kwangu walikuwa na swali moja tu: "Mwalimu, hawa mnawala lini?" Nimelisikia swali hilo miaka sita. Aliliuliza fundi bomba, akaliuliza mchungaji, akaliuliza na bwana mmoja mwenye shahada mbili aliyekuja nimwandikie barua ya udhamini. Na kabla sijajibu, mtu atainama, atagonga kioo cha tangi la samaki kwa kucha, ko ko ko, kama anabisha hodi. Nilikuwa nawatazama tu. Nimefundisha biolojia sekondari miaka thelathini na moja, nikastaafu nikiwa nimekubali kwamba sehemu kubwa ya binadamu haifundishiki.

Tangi lenyewe lilikuwa la kioo, lita mia tatu, limekaa juu ya meza ya mninga. Ndani yake walikuwemo samaki ishirini na wawili wa Ziwa Tanganyika, wale wadogo wanaokaa kwenye mawe, wasioliwa na mtu mwenye akili zake: weusi wenye mkanda wa njano, wengine wenye milia, na dume moja la buluu lililojipa umiliki wa kona yote ya kushoto. Niliwafuata mwenyewe Kigoma mwaka niliostaafu. Maji ya huku kwetu juu ni mepesi mno kwao, hayana chokaa ya kutosha, kwa hiyo nilikuwa nasaga makombe ya konokono, nayaloweka kwenye pipa la maji kwa kipimo, nangoja siku mbili, ndipo namimina. Hita ilikuwepo kwa ajili ya baridi ya Juni, na pampu ya hewa ya kuwapulizia mapovu. Yote nayaandika kwenye daftari. Kwa miaka sita walikufa watatu, wote kwa uzee. Marehemu mke wangu alikuwa akisema hata yeye ningemwandika kwenye daftari kama angekubali kukaa majini.

Aliyekuwa akinisaidia kazi za nyumba ni mama mmoja wa miaka thelathini hivi. Baba yake Mha wa Kibondo, mama yake Mrundi, na yeye alizaliwa Mtabila, enzi kambi ya wakimbizi ingali na watu. Mtanzania kama mimi, lakini mtaani walimwita "yule Mrundi", na alikuwa anaitika. Alfajiri alikuwa anauza maandazi na chai stendi, saa nne anakuja kwangu. Maandazi yake madereva wa bodaboda walikuwa wanayagombania. Alisomesha watoto wawili kwa unga na mafuta, hana mume, hana shamba, ana mikono yake tu.

Huyo hakuniuliza samaki wanaliwa lini. Siku ya kwanza alisimama mbele ya tangi na ndoo yake, akatazama muda mrefu, akauliza: "Mwalimu, hawa wanalala saa ngapi?" Lilikuwa swali la maana kuliko yote niliyowahi kuulizwa humo ndani. Nikamjibu kwa maneno mawili, nikarudi kwenye gazeti langu, maana ndivyo nilivyokuwa.

Jumamosi ya mwisho wa Juni, baada ya chakula cha mchana, niliona konokono wadogo wa humo tangini wameanguka chini wote, wamelegea. Sikushtuka. Saa moja baadaye samaki wakaanza vituko. Mmoja aliruka akagonga mfuniko. Wengine walikuwa wanazunguka, wanazunguka, kisha wanalala ubavu, wanatweta. Hadi jua linazama wamekufa wanne. Jumapili waliobaki wako salama, wanakula, dume la buluu linafukuza wenzake kama kawaida. Jumamosi iliyofuata, saa zile zile, wakafa watano.

Nikauliza wataalamu. Loo, wataalamu! Kuna kundi la wafuga samaki wa mapambo kwenye simu, watu wa Dar es Salaam, nilijiunga zamani kwa bahati mbaya. Nikaandika dalili zote, hatua kwa hatua, na vipimo. Wa kwanza akajibu: "Badili maji mzee." Wa pili: "Weka chumvi." Wa tatu alituma picha ya samaki wake yeye, mnene, bila neno. Wa nne aliniambia nikabidhi kwa Mungu. Mmoja akanipigia kabisa, akaniita "baba", akataka kuniuzia dawa ambayo hakujua ni ya ugonjwa gani, kwa sababu hakuwa amesoma nilichoandika. Nikazima simu. Nimesahihisha mitihani ya kidato cha nne, nadhani naujua ujinga, lakini ule ulikuwa umevaa miwani.

Basi nikapima mwenyewe. Maji: mazuri. Joto: nyuzi ishirini na tano, halikuyumba hata kidogo. Chakula: kile kile, pakiti ile ile. Ugonjwa hauji Jumamosi ukaondoka Jumapili. Kilichobaki ni kimoja, nikakiandika kwenye daftari na kukipigia mstari: sumu. Na hapo nilikuwa sahihi, Mungu anisamehe, hapo nilikuwa sahihi kabisa.

Sumu inatoka wapi? Nikatazama nani anaweka mkono tangini Jumamosi. Yule mama alikuwa anafuta kioo Jumamosi, nje na ndani, kwa kitambaa na maji matupu.

Hapa lazima nimtaje jirani yangu, mwalimu mkuu mstaafu, mtu aliyeutunza ujinga wake kwa nidhamu maisha yake yote. Anasoma kichwa cha habari, habari yenyewe anaitunga. Alikuja kunipa pole ya samaki, akaketi, akashusha sauti. "Mwalimu, mimi simsemi mtu. Lakini watu wa upande ule, sumu wanainyonya na maziwa." Nilimcheka mbele ya uso wake. Nikamwambia sumu haina kabila, akajifunze kemia. Akanywa chai yangu, akaondoka amenuna. Nilijisikia vizuri sana siku ile.

Siku tatu baadaye nilimwita yule mama sebuleni. Yeye jirani alifika kwa uvivu wake, mimi nilifika kwa daftari langu, tukakutana mahali pale pale.

"Mama, kabla ya kufuta kioo unanawa na nini?"

"Maji, mwalimu."

"Sabuni?"

"Sabuni ulinikataza."

Kweli nilimkataza. Nikageuza ukurasa. "Samaki wanakufa siku ukiwagusa. Siku usipowagusa hawafi. Mara mbili sasa."

Alikuwa amesimama na kitambaa mkononi. Alichukua muda kuelewa, kisha akaelewa yote kwa mara moja, nikaiona sura yake inabadilika. "Mwalimu, unasema nimewapa sumu?"

"Mimi sisemi kitu. Daftari ndilo linaonyesha."

"Daftari limeniona nikitia?"

Nilimjibu kwamba asinijibu jeuri. Hiyo ndiyo hoja ya kisayansi niliyokuwa nayo. Nikamwambia asirudi. Alikamua kitambaa, akakianika kwenye kamba vizuri, pembe kwa pembe, akajifunga kitenge chake akatoka. Hakulia wala hakunilaani. Nilitamani angenilaani, ningepata cha kumdharau.

Nilimweleza jirani peke yake kwa nini nimemwachisha kazi. Peke yake! Mtu mzima mimi, nimeishi Kasulu miaka yote hii, sijui kwamba kumwambia yule bwana jambo ni sawa na kulitangaza mnadani. Hadi Jumatatu stendi nzima inajua kwamba yule Mrundi wa maandazi anatia sumu, ameua samaki wa mwalimu wa biolojia, na mwalimu amethibitisha kwa vipimo. Vipimo! Jina langu na elimu yangu ndivyo vilivyomfunga. Huku kwetu ukiitwa mwizi, kuna watu watakuhurumia. Ukiitwa mtu wa sumu, hakuna anayekula mkononi mwako tena, na yeye kula yake ilikuwa ni watu wale mkononi mwake. Nilipita stendi siku moja saa tano asubuhi, nikaona beseni lake bado limejaa, limefunikwa nailoni, na madereva wale wale waliokuwa wakiyagombania maandazi yake wamesimama upande wa pili wa barabara wanakula mihogo. Aliniona. Nikatazama saa yangu kama mtu aliyechelewa. Haikuisha wiki ya pili akachukua watoto, akaenda Kibondo kwa mama yake.

Mtu mmoja tu aliniuliza jambo la akili. Mzee wa duka la mtaani kwetu, asili yake Tanga, alikuwa ananipimia sukari. "Mwalimu, maandazi ya yule bibi nimeyala miaka minne. Mbona mimi mzima?" Nikamweleza taratibu, kama namfundisha mtoto wa darasa la pili, kuhusu matukio yanayokwenda sanjari na jinsi tunavyotafuta chanzo. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema "Ahaa," akafunga sukari yangu, akamhudumia mteja mwingine.

Jumamosi ya kwanza baada ya kumfukuza nilifuta kioo kwa mikono yangu mwenyewe. Saa nane wakafa watano.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikaandika kwenye daftari: "Mabaki ya sumu katika changarawe." Nikaosha changarawe, nikabadili maji yote, nikachemsha hata mawe. Jumamosi nyingine wakafa watatu, pamoja na lile dume la buluu, ambalo lilikwenda kufia kwenye kona yake. Wamebaki watano. Sikuwa na mtu mwingine wa kumfukuza.

Siku ya pili yake, nimetoka kanisani, niliona mapovu yamepungua. Pampu inachoka, nikasema. Nikaenda kuitazama stoo.

Pampu ilikuwa stoo kwa sababu niliihamishia huko mimi mwenyewe, mwanzoni mwa Juni. Ilikuwa inanguruma wakati wa taarifa ya habari. Nikatoboa ukuta, nikapitisha mpira mwembamba hadi sebuleni, nikajisifu. Pampu ya hewa haitengenezi hewa, inavuta iliyopo pale ilipokaa na kuisukuma majini. Hilo nimewafundisha watoto wa watu kwa mchoro, kwa chaki za rangi.

Na humo stoo kulikuwa na nini? Maharage yangu, gunia saba kutoka shamba la marehemu baba kule Kasanda, yaliyoshushwa wiki ya mwisho ya Juni. Baba alikuwa na kawaida yake: kila wiki anaingia ghalani, anakumbatia kila gunia, analitikisa, analisimamisha kichwa chini miguu juu, ili wadudu wasipate pa kutulia. Waha wengi wa rika lake walifanya hivyo. Mimi nimeurithi mtindo huo na sijawahi kuukosa, kila Jumamosi baada ya chai ya asubuhi. Tofauti ni moja. Baba alikuwa anachanganya maharage na majivu ya jikoni. Mimi ni msomi, nilichanganya na dawa ya unga ya dukani, ile yenye picha ya mdudu amelala chali. Kwa hiyo kila Jumamosi nilikuwa najifungia humo ndani na gunia saba, natikisa, vumbi la dawa linajaa chumba hadi dari. Na nilikuwa najifunga leso puani. Pua yangu niliikumbuka.

Nilifungua pampu kwa bisibisi. Kisponji chake cha kuchujia hewa kilikuwa cheupe, kimeganda unga. Nikakigusa, nikakinusa, ile harufu ikanipanda kichwani. Konokono walikufa kwanza kwa sababu dawa ya wadudu huwaanza wale wadogo. Nilikuwa nimeliandika hilo kwenye daftari langu, kwa mwandiko mzuri, siku ya kwanza kabisa. Nikaketi juu ya gunia. Nilijiita majina ambayo sikuwahi kumwita hata yule jirani yangu, na yote yalinitosha.

Sasa sikilizeni ujanja wa mtu mwoga. Nikairudisha pampu sebuleni, nikanunua mpira mpya na kisponji kipya, nikabadili maji mara mbili, halafu nikasema ningoje uthibitisho. Jumamosi ya kwanza hakufa samaki. Ya pili hakufa. Ya tatu wale watano wanakimbizana kama hawajawahi kufiwa. Wiki tatu nzima nilijiita mtafiti makini, asiyekurupuka. Yule mama nilimhukumu kwa Jumamosi mbili. Pampu niliipa tatu.

Jumanne nikapanda basi la Kibondo na kilo tano za sukari. Ndivyo tunavyofanya, ukimkosea mtu unakwenda na sukari, kana kwamba kosa lilikuwa kwenye chai. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipanga nianze na kanuni ya pampu, niingie kwenye chembechembe za vumbi, nimalizie na masikitiko yangu. Nilikuwa hata nimepanga mahali pa kutua pumzi.

Kibondo nilielekezwa haraka, nje kidogo ya mji, nyumba ya tofali za kuchoma. Mama mzazi wa yule mama alikuwa ameketi mkekani anachambua mtama. "Amahoro, mama," nikamsalimu kwa Kirundi, akaniitikia. Yeye mwenyewe alitoka ndani, amekonda. Akanifutia kigoda kwa ncha ya kitenge.

"Shikamoo, mwalimu."

Alinipa shikamoo yangu kamili. Niliipokea, ikanichoma.

Nikasema yote. Pampu, mpira, ukuta, magunia, leso. Alinisikiliza mikono ikiwa mapajani. Nilipomaliza nikaona nimeongea muda wa kipindi kizima.

"Kwa hiyo ni pampu," akasema.

"Ni pampu."

"Si mimi."

"Si wewe, mama. Nimekuja kukuambia kwamba si wewe."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mwalimu, umetoka Kasulu kuja kuniambia mimi? Mimi si nilikuwa najua."

Nikausukuma mfuko wa sukari mbele yake. Hakuugusa.

"Jirani yako umemwambia?"

"Bado."

"Stendi?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote Kasulu, hata yule mzee wa duka. Nilikuwa nimeona ni heshima kuanza na yeye. Sasa niliona wazi kwamba nilichagua mtu pekee katika mkoa mzima ambaye hakuhitaji kuambiwa, na aliyekuwa mbali na masikio ya wote wanaonijua.

"Wanangu huku wanaitwa watoto wa sumu," alisema, sauti haijapanda. "Habari ilifika Kibondo kabla ya basi letu. Nimekaanga maandazi mara mbili. Mara zote mbili tumeyala sisi."

Aliinuka akaingia ndani. Mama yake aliendelea na mtama wake. Yeye alirudi na kikombe cha bati kimejaa togwa.

Kwetu Waha, na kwa Warundi ni hivyo hivyo, mwenyeji hampi mgeni kinywaji hivi hivi. Anapiga fundo la kwanza yeye, mbele ya macho ya mgeni, ndipo anampa. Kila mtoto anajua sababu yake: aonekane hakutia kitu. Hata kwenye msiba, hata kwa ndugu wa tumbo moja, mtu ataonja.

Hakuonja. Alikiweka kile kikombe juu ya kigoda kidogo mbele yangu, akarudi kuketi. Mama yake akaacha kuchambua. "Ee, mwanangu!" alimwambia. "Onja umpe mgeni."

"Mwache, mama. Mwalimu ni mtu wa vipimo. Anajua ni pampu." Akanigeukia. "Karibu, mwalimu. Kunywa."

Nilikuwa na kiu ya safari. Nilikuwa nimekiona kile kisponji kwa macho yangu. Najua kemia ya ile dawa, najua ilitoka wapi, ilipita wapi, iliua nini na kwa nini. Mkono wangu ukaenda kwenye kikombe, ukakigusa, ukasimama. Si muda mrefu, pumzi moja, labda mbili. Kisha nikakishika barabara, nikakiinua.

Alikuwa ameshanyoosha mkono wake. Alikitoa kikombe mikononi mwangu taratibu, bila kumwaga hata tone, akakipeleka mdomoni, akanywa togwa yote hadi mwisho, mimi natazama koo lake linavyopanda na kushuka. Alijifuta mdomo kwa kiganja.

"Pampu umeifungua mwenyewe, mwalimu," akasema, "na bado unaniogopa. Sasa hao wa Kasulu utawaambia nini?"